Ukuta wa jirani umeingia kwenye kiwanja chenye hati: Baraza la Ardhi linaweza nini?

"Naishi Sahare, Tanga. Kiwanja chetu kina hati ya mwaka 1998 kwa jina la marehemu baba, mita 20 kwa 30. Baba alifariki 2019 na kikao cha ukoo kilinichagua mimi kuwa msimamizi. Mwaka 2023 jirani yetu, mzee mstaafu ambaye naye ana hati, aling'oa ua wa michongoma akajenga ukuta wa tofali. Kijana wangu alipima kwa futi kamba, akakuta ukuta umeingia kwetu mita 1.4 upande wa barabarani na kama sentimita 30 upande wa nyuma. Alipopima kwa simu, simu ikaonyesha kiwanja chetu kiko kwa watu wengine kabisa! Tulikwenda serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Kata wakapima kwa hatua, wakasema tugawane nusu kwa nusu, wakagonga muhuri. Jirani anasema hapo mambo yameisha, tena yeye yuko pale zaidi ya miaka 12. Sasa ameanza kuchimba msingi wa vyumba vya uani akiegemeza ukuta huo. Mmoja ananishauri nikamshtaki polisi, mwingine anasema niende Baraza la Ardhi na Nyumba wamfutie hati. Je, uamuzi wa kata unanifunga? Baraza linaweza kumvunjia ukuta? Linaweza kufuta hati yake?"

Dada yangu, pole. Umeuliza mambo matatu na nitayajibu yote, lakini ndani ya swali lako limejificha la nne ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo linaloweza kukurudisha nyumbani kabla hujafungua kinywa barazani. Nitalifikia.

Tuanze na kata, maana naona muhuri umekutisha. Zamani Baraza la Kata lilikuwa na meno. Lilisikiliza shauri la ardhi lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 na kutoa uamuzi. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, na meno hayo yakang'olewa. Kazi iliyobaki kata ni kusuluhisha: wajumbe watatu, angalau mmoja wao mwanamke, wanakaa na ninyi na kutafuta mapatano. Mkipatana, mnaandikiana. Msipopatana, wanawapa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu upeleke lalamiko bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti. Kwa hiyo "tumeamua mgawane" haina nguvu ya hukumu hata ikigongwa mihuri saba. Siwalaumu sana wazee wetu wa kata. Wengine wameamua kesi miaka nenda miaka rudi, na mazoea yana taabu.

Ila nenda kaisome ile karatasi upya. Imeandikwa "uamuzi" au "makubaliano"? Na chini kabisa, kuna saini yako? Kama ulisaini, jirani ataileta kama ushahidi kwamba uliridhia mwenyewe, na hapo utakuwa na kazi ya kueleza. Maelezo yapo, tena mazuri, lakini ni bora wakili wako aijue karatasi hiyo leo kuliko kuisikia ikisomwa na upande wa pili.

Hata kama kila mtu angeridhia, nusu kwa nusu haitatui mgogoro wa mpaka kwenye ardhi iliyopimwa na kusajiliwa. Kwenye shamba lisilopimwa wazee wanaweza kupanda mnazi katikati na watu wakaishi kwa amani. Kiwanja chenye hati kina umbo lililokwisha kuidhinishwa. Ukimpa jirani sentimita 70, umemhamishia ardhi, na uhamisho huo unataka upimaji mpya, ramani mpya iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, kisha usajili. Bila hivyo mtakuwa na ukuta unaosema hivi na hati inayosema vile, na wajukuu watarudi barazani kuanza upya.

Na hapa ndipo ninapotaka uelewe kitu kimoja kabla ya vingine vyote. Watu huenda barazani wakidhani mwenyekiti atachora mpaka. Hachori. Mpaka wa ardhi iliyosajiliwa ulikwisha kuchorwa siku kiwanja kilipopimwa, na kazi ya Baraza ni kuutafuta ulipo, kisha kumwambia aliyeuvuka arudi kwake. Kwa hiyo swali la kujiuliza mwanzo kabisa ni hili: kosa liko wapi, ardhini au kwenye karatasi?

Nikueleze jinsi karatasi hizo zinavyofungamana. Ndani ya hati yenu kuna mchoro mdogo wa kiwanja, ramani ya hati, wenye namba yake. Mchoro huo umetolewa kwenye ramani kubwa ya upimaji ya kitalu chenu chote. Nyuma ya ramani kubwa kuna hesabu: kila kona ya kila kiwanja ina namba zinazoonyesha iko wapi juu ya uso wa dunia, wapimaji huziita kodineti. Kwenye kila kona wapimaji walifukia bikoni, kipande cha chuma kilichozungushiwa zege, kikiwa na alama inayosomeka pia kwenye ramani. Bikoni inaweza kung'olewa na greda la barabara, kufukiwa na mchanga, au "kutembea" usiku mmoja kwa miguu ya mwenye tamaa. Hesabu hazitembei. Ndiyo maana mpima anayefufua mipaka haanzi na ukuta wala mti. Anaanza na bikoni ambazo hazijaguswa, hata kama ziko viwanja vinne mbali, kisha anahesabu hadi kufika kwenye kona zenu. Na kuhamisha au kuharibu alama ya upimaji ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, hivyo mwambie kijana asiguse chuma chochote atakachokiona, hata kama anaamini anakirudisha mahali pake.

Kuhusu kijana na simu yake, asijilaumu. Ramani nyingi za upimaji wa zamani nchini zimejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu inasoma mfumo wa WGS 84. Nukta ileile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa zaidi ya mita 200. Ndiyo sababu kiwanja chenu kilihamia kwa wenyewe. Na hata mifumo ikilinganishwa, simu ya mkononi hukosea mita kadhaa, wakati ninyi mnabishania mita 1.4. Usipeleke picha ya simu barazani. Wakili wa upande wa pili ataifurahia sana.

Futi kamba yake, kwa upande mwingine, imeniambia jambo. Mita 1.4 mbele, sentimita 30 nyuma. Hiyo ni kabari. Kwa urefu wa mita 30 inakula kama mita za mraba 25.5. Kabari kwa kawaida inamaanisha fundi alivuta kamba kutoka bikoni ya nyuma iliyo karibu na sahihi hadi mahali pasipo sahihi mbele: bikoni ya barabarani imehama, imepotea, au fundi alilenga pale michongoma ilipoishia. Ingekuwa ukuta umeingia kwa kipimo kilekile mwanzo hadi mwisho, ningeshuku kwamba ramani zenyewe zimepishana. Sisemi hili limethibitika, kwa sababu kijana naye alianza kupima kutoka mahali fulani na sijui kama hapo pana bikoni halali. Ila ningekuwa nacheza bahati nasibu, ningeweka pesa yangu kwenye ile kona ya barabarani.

Kwa nini tofauti hiyo ina uzito? Kwa sababu inaamua unakwenda mlango gani.

Kama hati zenu mbili zinapatana, yaani mstari wa mashariki kwenye ramani yenu ndio mstari wa magharibi kwenye ramani yake, na tatizo ni kwamba ukuta haukufuata mstari huo, basi mgogoro ni wa watu wawili na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linautosha kabisa. Linaweza kusikiliza shauri la kurudishiwa ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 300, na kabari yenu haifiki huko hata kwa bei za pwani ya Sahare. Likiridhika, linaweza kutamka kwamba kipande ni chenu, kumwamuru jirani abomoe kwa gharama zake katika muda litakaoupanga, kumzuia asirudi tena, kumtoza fidia kama mmepata hasara inayothibitika, na gharama za shauri juu yake. Asipotii, unaomba hukumu ikaziwe na dalali wa baraza anakwenda kutekeleza. Kwa hiyo ndiyo, ukuta unaweza kuvunjwa kwa amri ya Baraza. Lakini wewe na wanao msiguse hata tofali moja. Siku mtakayobomoa wenyewe, mtageuka washtakiwa wa kuharibu mali, na mzee mstaafu atakaa kwenye kiti cha mlalamikaji.

Kama karatasi ndizo zinazogombana, yaani ramani yenu na yake zote zinadai mita zilezile, hapo kosa si la jirani peke yake. Limefanywa na waliopima au waliogawa, na haki haiwezi kutendeka bila wao kuwepo kwenye shauri. Tatizo ni kwamba ukishaitaja Halmashauri ya Jiji, Kamishna wa Ardhi au Msajili wa Hati kama mjibu maombi, umeishtaki Serikali. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu hata halmashauri. Baraza likiendelea kusikiliza shauri la namna hiyo, hukumu itakayotoka ni ya bure. Miaka mitatu ya nauli na mashahidi inafutwa kwa ukurasa mmoja wa rufaa. Bahati nzuri Mahakama Kuu ina masjala hapa hapa Tanga, hutahitaji kupanda basi la Dar es Salaam.

Kumwita mpima wa Jiji aje kutoa ushahidi si kumshtaki. Watu huchanganya hapa na kuogopa. Unaweza kumwomba mwenyekiti aamuru mpima aende kufufua mipaka mbele yenu wote wawili na kuleta taarifa, kisha aje aulizwe maswali kama shahidi mwingine yeyote. Mimi huisukuma njia hii kila ninapoweza, kwa sababu mashauri mengi ya mpaka huisha siku mpima anapokaa kwenye kiti cha shahidi. Yanayobaki ni ya watu waliokwisha kuapa kutosalimiana.

Sasa hati. Yule aliyekuambia Baraza litamfutia jirani hati yake amekuonjesha asali isiyokuwepo. Kubatilisha haki ya kumiliki ardhi kwa kuvunja masharti ni mamlaka ya Rais chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Kurekebisha daftari la ardhi ni kazi ya Msajili wa Hati au amri ya Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, na asiyeridhika na Msajili hukata rufaa Mahakama Kuu. Baraza linaamua haki kati yako na jirani. Daftari la Msajili halimo mkononi mwake. Na kwa kweli huhitaji hati yake ifutwe. Kama kosa liko ardhini, hati yake ni shahidi wako! Iombe ipelekwe barazani, isomwe: itasema kiwanja chake kinaishia wapi, na ukuta utaonekana umeruka mstari wake yeye mwenyewe. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mwenye hati huchukuliwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitishwe kuwa aliipata isivyo halali. Kanuni hiyo inamlinda yeye ndani ya mstari wake na inawalinda ninyi ndani ya wenu.

Miaka 12 nayo nisiipite haraka, kwa sababu humo mna hatari ya kweli. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inakupa miaka 12 kudai ardhi uliyonyang'anywa, ikihesabiwa tangu siku uliyoondolewa kwenye ardhi hiyo. Jirani anapenda kusema "nimekaa hapa zaidi ya miaka 12", lakini swali ni amekaa wapi: kwenye kiwanja chake, jambo ambalo hakuna anayelipinga, au kwenye ile kabari? Ukuta ni wa 2023. Kama michongoma ya zamani ilifuata mpaka halali na ukuta ndio uliosogea, saa imeanza kuhesabu 2023 na una muda wa kutosha. Kama michongoma yenyewe ilikuwa ndani yenu tangu, tuseme, 2005, na marehemu baba akaiona na kunyamaza, jirani ana hoja ya ukomo na hutakiwi kuipuuza. Tafuta picha za zamani: harusi iliyofanyika uani, picha ya watoto wa Idi, chochote kinachoonyesha ua ulikopita. Tafuta na mtu aliyeupanda.

Kuna dai jingine ambalo huwa linachanganywa na hilo, la mtu kujipatia ardhi kwa kuikalia muda mrefu bila idhini ya mwenyewe. Hilo ni gumu zaidi kwake. Mahakama zetu zinamtaka anayelidai awe ameikalia waziwazi, mfululizo, mwenyewe akiwa ameiacha, na bila kujidai ana haki nyingine yoyote ya kuwa pale. Jirani anayesema kwa pumzi moja "hapa ni pangu kwa hati" na "hapa ni pangu kwa sababu nimekaa muda mrefu" anajikanyaga mwenyewe. Ila kujikanyaga huko hakuzuii saa ya ukomo kutembea. Ndiyo maana sitaki ulale.

Polisi? Ukienda na malalamiko ya kuingia kwa jinai, jirani atatoa hati yake, nawe utatoa yenu, na mahakama ya jinai itasema, kama ilivyosema mara nyingi, kwamba mgogoro wa umiliki ukaamuliwe kwanza kwenye chombo cha ardhi. Polisi waitwe kwa fujo au vitisho, si kwa kupima.

Nimefika kwenye lile la nne. Hati ina jina la marehemu baba yako, na wewe ulichaguliwa na kikao cha ukoo. Dada yangu, muhtasari wa ukoo ni pendekezo tu. Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, na mpaka uwe na barua ya uteuzi mkononi, huna mamlaka ya kufungua shauri kwa ajili ya mali ya marehemu. Wakili wa jirani ataweka pingamizi hilo siku ya kwanza, naye mwenyekiti hatakuwa na namna ila kukubali. Nimeona watu wenye haki nyeupe kama pamba wakitolewa nje kwa sababu hiyo, tena mmoja baada ya kuleta mashahidi sita. Nenda Mahakama ya Mwanzo. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila ndipo inapoanzia. Chukua cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo, na majina ya warithi wote, hata yule kaka mliyegombana naye. Tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama itakuteua. Ukishapata barua, peleka kwa Msajili wa Hati uandikwe kwenye daftari kama msimamizi. Shauri la ardhi ndilo lililofungiwa milango ya Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya; mirathi ni jambo jingine.

Jambo hilihili ndilo jibu lako zuri kwa ile karatasi ya kata, kama uliisaini. Mtu ambaye hakuwa msimamizi hakuweza kugawa ardhi ya marehemu, hata sentimita 70.

Sambamba na mirathi, tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, wa binafsi au wa Jiji, afufue mipaka na akuandikie taarifa. Mwalike jirani awepo siku hiyo, kwa barua, na ubaki na nakala iliyopokelewa. Akija, vizuri, asipokuja, hatasema mlipima kwa siri. Pia omba nakala ya ramani ya upimaji ya kitalu chenu kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, ili mpima aweke viwanja vyote viwili juu ya meza moja. Taarifa hiyo itakuambia kama uko kwenye mlango wa Baraza au wa Mahakama Kuu. Usifungue shauri lolote kabla ya kuiona.

Maombi yako barazani yaandikwe kwa umakini kwenye jambo moja ambalo wengi huliandika kizembe: maelezo ya eneo. Isiwe "kiwanja kilichopo Sahare". Iwe namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, namba ya ramani ya hati, na kisha kile kipande chenyewe: kiko upande gani, kati ya bikoni ipi na ipi, mita ngapi mbele na ngapi nyuma. Mteja wangu mmoja wa Pongwe alishinda shauri lililoandikwa na mtu wa mtaani, akashangilia, halafu dalali alipofika hakujua abomoe wapi, kwa sababu hukumu ilisema tu "eneo la mgogoro". Tulirudi mwanzo.

Baraza likiamua kwenda kuona eneo, hudhuria na mashahidi wako. Utaratibu uliowekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980 ni kwamba pande zote ziwepo, yaliyoonwa yaandikwe, kisha mkirudi barazani yasomwe mbele yenu na mpate nafasi ya kuyasemea. Mwenyekiti akienda peke yake na upande mmoja, lalamika hapo hapo na hakikisha imeandikwa. Na kwa vile tangu 2021 lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili, usione haya kumwomba karani akusomee kilichoandikwa. Ukishindwa, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Shauri la ardhi halijausikia msemo huo, kwa hiyo hesabu miaka, si miezi.

Kwa sababu hiyo sitakuficha: suluhu bado inafaa kufikiriwa, ila suluhu ya kweli, si ya hatua za miguu. Mpima akithibitisha kabari, jirani anaweza kuona aibu na kusogeza ukuta, hasa ukimpa muda. Anaweza kuinunua ile kabari kwa bei ya soko, warithi wote wakiridhia, mkapima upya na kusajili kwa gharama zake. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 600, kupoteza 25.5 hakuui mtu. Lakini mita 1.4 mbele inaweza kuwa ndiyo njia ya gari, na hapo ningekushauri ukatae. Pima na moyo wako. Kama huna uwezo wa wakili, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kukusaidia kupanga karatasi na kukuelekeza bila malipo. Ila siku ya kufungua shauri, na hasa kama taarifa ya mpima itasema ramani zimepishana, tafuta wakili akae nawe ana kwa ana aione hati yenyewe. Mimi hapa sijaiona.

Imebaki ile hofu ya msingi unaochimbwa. Ukishakuwa na barua ya mirathi, unaweza kufungua maombi pamoja na ombi la zuio la muda, na Baraza likiona kuna hoja ya kusikilizwa, kwamba utaumia kwa namna isiyofidika, na kwamba kuacha ujenzi uendelee kutakuumiza wewe kuliko kusimama kutakavyomuumiza yeye, litaamuru mambo yasimame kama yalivyo. Lakini mirathi haitoki kesho, na fundi ana simenti leo. Kwa hiyo kesho asubuhi piga picha za msingi huo zenye tarehe, kisha nenda ofisi ya Jiji, idara inayoshughulikia vibali vya ujenzi, uulize kama vyumba hivyo vina kibali na kama mchoro uliopitishwa umevuka mipaka ya kiwanja chake. Jenzi isiyo na kibali inaweza kusimamishwa na Jiji lenyewe, iwe mpaka umethibitika au la. Hapo huhitaji barua ya mirathi, cheti cha kata wala wakili. Unahitaji nauli ya bajaji na nakala ya hati.